Ukigusa kitu kwenye roketi, sema

Jumamosi nlikuwa Paje na vijana wapya wa timu yetu ya roketi za chupa, zile zinazorushwa kwa maji na hewa ya pampu, maji yamekupwa, mchanga mtupu mpaka kule kwenye mwani, pahala pazuri mno pa kurushia. Nkamwona mmoja anabandika tepu kwenye pezi na roketi ishakaa kwenye lancha, kile kifaa cha kurushia, wenzake wanapampu tu, hakuna alomuuliza anafanya nini! Nkapiga kelele mpaka wanawake walokuwa wakivuna mwani wakageuka. Sikutaka kukutisha wewe wa tepu, mdogo wangu, soma mpaka chini utanielewa.

1. Chupa iwe ya soda, lita moja na nusu. Ya maji ya kunywa haikutengenezwa kwa presha, na ya soda ikishakwaruzika tupeni.

2. Maji yawe thuluthi ya chupa basi, hewa ndo inayosukuma.

3. Gundi ya moto inaikunja chupa. Kila mwaka nasema na kila mwaka naikuta.

4. CG, yaani pale roketi inapolingana uzito ukiiweka juu ya kidole, pimeni roketi ikiwa tupu, mana maji yanatoka chini ya sekunde moja na safari ilobaki inakwenda tupu. Iwe mbele, upande wa pua, ya CP, yaani pale nguvu ya upepo inapokusanyika kwenye roketi, kwa upana wa chupa moja, halafu funga uzi pale pale kwenye CG uizungushe juu ya kichwa. Ikitangulia mkia rudini mezani.

Hii namba 4 ndo kidonda changu. Usiku wa kuamkia kurusha pezi moja tulilokata kwenye dumu lilipinda, saa tano usiku, wenzangu washalala, nkayabandua yote matatu nkaweka ya plaiwudi, nkayapaka rangi mara mbili, yakapendeza kweli. Kuzungusha sikuzungusha, kwenye daftari ilishaandikwa mchana "imepita". Asubuhi watoto wa skuli wamekaa kwenye mkeka, geji ikafika 60, tukavuta kamba. Ikapanda kimo cha mnazi, ikayumba, ikageuka, ikaja pua chini ikajichimbia mchangani hatua tatu tu kutoka kwenye mkeka. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Dada aloshona parachuti, kaishona kwa kitambaa cha mwavuli wiki tatu nzima, akaichomoa kwenye pua imekunjwa vile vile, akasema, "Kosa langu, nimeikunja vibaya." Wengine wakasema kusi limeipiga. Na mie nkanyamaza. Nliyajua yale mapezi, nliujua ule uzito nlouweka mkiani, nkanyamaza. Akaanza kushona upya, mie nkamnunulia na uzi Darajani nkampelekea. Siku ya kumi na sita ndo nkamwambia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Na ule uzi uliniletea wa nini?"

Mpaka leo sina jibu la kumpa. Ile safu ya "Nani kagusa" mnayoilalamikia kwenye daftari inatoka hapo, na anogusa baada ya kipimo, hata tepu, hata rangi, anaandika jina na roketi inazungushwa tena.

5. Presha ikishaingia na kamba imegoma, hakuna kuisogelea. Toeni hewa kutokea kwenye pampu, mbali.

6. Mwaka 1962 John Glenn, mwanaanga wa Marekani, alipoizunguka dunia mara tatu, hapa hapa Unguja palikuwa na kituo cha Wamarekani kinachomsikiliza akipita juu yetu, na kazi ya wale watu ilikuwa hio, kusikia na kusema walichosikia, ovyo au kizuri, wakati ule ule. Nikikumbuka hilo huwa napenda khasa kuwaona nyie na vichupa vyenu.

7. Msimu wa kusi rusheni asubuhi mapema. Wale wa kaiti, wanaoteleza majini kwa upepo, wakishaanza kuingia baharini jueni mmechelewa, kunjeni virago.

Jumamosi ijayo basi, saa kumi na mbili na nusu, pale pale. Wewe wa tepu njoo na roketi yako na uzi, tutaizungusha mimi na wewe kwanza kabla haijatiwa hata tone la maji.