Kabla hujafukia mabomba ya kupoza nyumba, panda darini kwanza

Shemeji yangu anaishi Sweden. Alikuja Desemba akalala kwangu Goba, hapa Dar, siku tatu, joto likamnyoosha, akaanza, "Shem, kwa nini usichimbie mabomba kama sisi?" Kule wanayashusha ardhini, maji yanazunguka humo, mashine inavuta joto la chini inaliingiza ndani, kiangazi wanaweza kuigeuza ikatoa joto la ndani na kulimwaga ardhini. Nikanogewa bwana, nikamwita fundi wa visima tukaanza kupiga hesabu za mita mia na kitu, mke wangu ananiangalia tu.

Kilichonizindua ni kipimajoto chake cha jikoni. Nilikichovya kwenye maji ya kisima cha jirani yakiwa ndo yanatoka kwenye pampu, nyuzi 28!

Kumbe ardhi ukishuka mita kadhaa inakaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima wa eneo husika. Sweden huo wastani ni baridi. Dar ni kama nyuzi 26, sasa huko chini unafuata nini? AC ya kawaida mchana inatupa joto kwenye hewa ya nyuzi 32 hivi, usiku hewa yenyewe inashuka mpaka 25, kwa hiyo faida ya kuchimba ni ndogo mno kwa hela ile. Halafu wenzetu baridi ikifika wanalichota lile joto walilolimwaga kiangazi, sisi tungemwaga tu mwaka mzima mpaka udongo unaozunguka mabomba upate joto na mashine ianze kuhangaika.

Mimi hela niliipeleka juu. Panda darini saa nane mchana uone, utashuka unakimbia, bati linawaka na ile hewa haina pa kutokea, usiku mzima singibodi inakushushia joto kitandani. Nikaweka foili chini ya bati, nikatoboa matundu ya hewa pande zote mbili na kuyawekea nyavu (popo jamani), kisha AC moja ya inveta ya BTU 12,000 chumbani tu, naiacha kwenye 26 na feni juu. Sebuleni ni madirisha, kaskazi ikivuma inatosha.

Ila mashine ya nje msikubali fundi aifunge ukuta wa magharibi kisa bomba litakuwa fupi. Yangu alifunga huko, jua la jioni likawa linaichoma kila siku na LUKU inakimbia, nikalipa tena kuihamishia upande wa mwembe.