Jibu: Kisima chetu kitaingiaje kwenye bajeti ya kaunti?

Ndugu yangu wa Kitui, umeuliza kwa nini kila mwaka mnaomba kisima na mnaletewa kitu kingine. Nadhani mnafika chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Wengi huamka Aprili, makadirio ya bajeti yakiwa karibu kufika bunge la kaunti. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka, yaani orodha ya miradi ambayo kaunti inakusudia kufanya, hupelekwa kwenye bunge hilo kufikia Septemba 1, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Kwa hiyo kisima cha Julai 2027 hudaiwa katikati ya 2026. Angalieni pia kama kimo kwenye mpango wa kaunti wa miaka 5, ule wa 2023 hadi 2027.

Kwetu tulikosa bwawa kwa sababu mkutano uliitwa siku ya soko. Kina mama, ambao ndio hubeba mitungi, hawakuwepo. Waliokuwepo wakachagua barabara. Iliniuma sana. Mwaka uliofuata tulikaa wenyewe kwanza, tukakubaliana jambo moja tu, tukaandika barua yenye sahihi na nambari za vitambulisho, tukabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Bila muhuri huo mtaambiwa hamkuleta kitu.

Madarasa ya shule ya msingi msiyachanganye kwenye barua yenu, hayo ni ya serikali ya kitaifa. Kaunti ina maji, zahanati, chekechea na barabara zake. Na wakiwapuuza, sheria inawaruhusu kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Anzeni kukusanya sahihi wiki hii, mkianza na kina mama.