Weka chini hiyo tyubu

Usipake hiyo krimu kwenye tatuu. Kama umeshaifungua, ifunge. Nimesoma swali lako nikasikia kigimbi kinaniuma upya.

Unasema tatuu ya mguuni ina siku nne, ngozi ya pembeni inazidi kuwa nyekundu na ya moto, inawasha, na rafiki kakupa krimu ya "mchanganyiko" aliyoipata kwa mchoraji wake. Halafu unauliza kama rangi itapauka, kama unaweza kuogelea, na lini urudi kurekebishiwa. Mkuu, hayo ya rangi yasubiri. Kwenye boksi pameandikwa nini? Ukiona betamethasone, clobetasol au dexamethasone, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na steroidi haipakwi kwenye tatuu mbichi inayozidi kuvimba. Ukishika hilo peke yake, mengine yote niliyoandika unaweza kuyaruka.

Krimu yangu nilipewa na aliyenichora. Jamaa ana glavu, sindano mpya anazifungua mbele yako, ukuta umejaa kazi zake, ungemkatalia nini? Nilimwambia panawasha na pamekuwa pekundu, akacheka, akatoa tyubu kwenye droo. "Hii ina kila kitu. Fangasi, bakteria, muwasho, vyote inamaliza." Na kweli boksi lilikuwa na dawa tatu: betamethasone, ndiyo steroidi, clotrimazole ya fangasi na gentamicin ya bakteria. Nikaona nimebahatika.

Asubuhi yake muwasho hakuna, wekundu umefifia. Nikampigia simu kumshukuru! Nikaendelea kupaka asubuhi na jioni huku namwonyesha simba wangu kila aliyekuwa tayari kutazama, na wasiokuwa tayari pia.

Kumbe wekundu, joto na uvimbe ni mwili unapeleka damu na chembe nyeupe pale vijidudu vilipoingilia. Steroidi inabana mishipa midogo ya damu na kuipunguzia kinga nguvu mahali hapo. Juu panatulia, chini bakteria wanazaliana bila bughudha. Ile gentamicin ya kupaka juu ya ngozi haikuwa na habari na usaha uliokuwa unajikusanya ndani.

Kilichonishtua hakikuonekana hata kwenye ngozi. Kigimbi kilikuwa kigumu, kinapwita, kisha nikapata mtoki, kisha homa na baridi mpaka meno yanagongana. Na bado nilipaka! Nikajiambia labda nilikuwa napaka kidogo.

Daktari hakutaka kujua tatuu nilichorwa wapi. Aliuliza: "Umepaka nini?" Nikamwonyesha, akanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Jipu lilikuwa chini ya uso wa simba. Likapasuliwa, likakamuliwa, tundu likajazwa shashi, na shashi hiyo ikawa inatolewa na kuwekwa nyingine. Habari za kubadilisha shashi sitazisimulia. Nina heshima yangu humu. Maabara wakakuta bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, nikaandikiwa antibayotiki za kumeza. Usaha ulipotoka uliondoka na wino, kwa hiyo simba wangu sasa ni chongo na ana kovu shavuni. Nikiulizwa nasema ni simba mzee, kapigana sana.

Na mchoraji? Nilipomrudia alisema, "Ngozi yako ndiyo ina shida." Ngozi yangu! Mtu asiyejua mzio na maambukizi vinatofautiana vipi anagawa dawa kama peremende, halafu kosa ni la ngozi. Kuchora anajua, sikatai, mistari imenyooka vizuri hata kando ya kovu. Abaki huko huko kwenye kuchora.

Najua atatokea mtu hapa kusema madaktari wa ngozi nao huandika steroidi kwa wenye tatuu. Huandika, ndiyo. Kuna mzio, hasa wa rangi nyekundu, unaoweza kuibuka hata miezi au miaka baadaye: palipo na nyekundu panavimba na kuwasha, kwingine shwari. Ila daktari anaandika baada ya kuangalia, na pengine baada ya kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Maana si kila kinachovimba ni mzio: mwaka 2011 huko Rochester, New York, watu 19 walipata maambukizi ya Mycobacterium chelonae kutokana na wino wa kijivu uliokuja ukiwa umeshachanganywa. Bakteria huyo hafi kwa antibayotiki za kubahatisha. Sasa rafiki yako mwenye tyubu angemjuaje?

Turudi kwako. Siku mbili tatu za mwanzo, wekundu kidogo, uvimbe na majimaji mepesi yenye wino ni kawaida. Baada ya hapo vinatakiwa kupungua kila siku. Vyako vinaongezeka, kwa hiyo nenda hospitali leo. Kabla hujatoka, chukua kalamu uzungushie ukingo wa wekundu, andika saa, piga picha. Wekundu ukivuka mstari, daktari atajua unakimbia kiasi gani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri, pakawa peusi zaidi au kama zambarau, basi tafuta joto kwa mgongo wa kiganja na papasa ugumu. Ukiona mchirizi unapanda kuelekea kinena, au homa, au usaha mzito wenye harufu, hata kama ni usiku wa manane, toka. Kwa sasa osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni isiyo na manukato, kausha taratibu bila kusugua, usikune.

Kuogelea? Na mguu huo?

Haya, tuandikie majina yote yaliyo kwenye boksi, hata ya herufi ndogo. Na kama umeshapaka japo mara moja, mwambie daktari kabla hajaanza kukuangalia, maana atakachokiona kitakuwa kimeshafifishwa.