Bembea ya mtumba: kabla hujanunua rangi

Umesema umepata bembea na mtelezo wa mtumba, chuma kina kutu, mbao zimechakaa, unauliza uanzie wapi. Rangi ni ya mwisho kabisa ndugu yangu, wengi tunakosea hapo. Chukua bisibisi kwanza uchome zile nguzo pale zinapoingia ardhini, ikizama kama kwenye mkate basi huo mti umeoza ndani hata kama juu unang'aa, badilisha, usijidanganye na putty.

Kwenye chuma, gonga palipochomelewa na uangalie zile kulabu zinazoshika cheni, mimi ya kwangu ilikuwa imelika imebaki nyembamba kama waya na watoto walishabembea wiki nzima, nikiwaza bado nasisimka. Kutu ya juu juu inatoka kwa brashi ya waya na msasa, halafu praima ya chuma ndo rangi. Ila kama rangi ni ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, usiipige msasa mkavu, loweka maji, vaa maski, watoto wakae mbali.

Mtelezo wa plastiki ukishapasuka achana nao.

Halafu pima nafasi za ngazi na vizuizi, uwazi wa kati ya sentimita 9 na 23 unaweza kunasa kichwa cha mtoto. Chini weka mchanga wa kina kama sentimita 30, zege hapana kabisa. Tupia picha ya hizo kulabu tuzione.