Re: Hela za utafiti wa kisukari cha watoto Marekani zinatoka wapi?

Mkuu umeuliza kama serikali ya Marekani inatoa hela kweli au ni michango ya wazazi tu. Inatoa, tena sio kidogo. Kuna mfuko maalum Bunge lao liliuanzisha 1997 kwa ajili ya kisukari aina ya kwanza, hiki kinachowapata sana watoto, ulianza na dola milioni 30 kwa mwaka ukapanda hadi 150, na 2024 wakaufikisha 160. Hela inapitia NIH, ile taasisi yao ya taifa ya afya.

Na matunda yapo. Hela hizo ndo zimesaidia mtandao wa TrialNet, wanachukua damu ya ndugu wa mgonjwa wanatafuta dalili kabla mtoto hajaanza kuumwa, na humo humo ikajaribiwa dawa ya teplizumab, dripu kila siku kwa siku 14, ikaonekana inachelewesha ugonjwa kama miaka miwili hivi, ikapitishwa Novemba 2022. Miaka miwili kwa mzazi anayeamka saa nane usiku kumtoboa mtoto kidole apime sukari ni kitu kikubwa sana jamani.

Kinachoniuma ni kwamba mfuko wenyewe sio wa kudumu, lazima Bunge liuongeze muda, na kuna wakati wanauongeza kwa miezi tu. Sasa utafiti wa miaka mitano utaupanga vipi hapo? Wazazi wanaoenda na watoto wao Washington kuwabana wabunge wana haki kabisa.