Kufunga LinuxCNC kwenye mashine kuukuu ya kukereza: mota ziache kwanza

Ndugu fundi, umesema hapo Kizota umenunua mashine ya kukereza ya mtumba, unataka kuifunga LinuxCNC (programu ya kompyuta ya kuendesha mashine), na unauliza ununue mota gani. Subiri kidogo. Funga dayo geji (saa ya kupimia msogeo mdogo), zungusha mkono wa mashine mbele kisha rudisha, uone unazunguka kiasi gani kabla kisu hakijasogea. Yangu ilikuwa inacheza karibu milimita nzima! Programu hufidia kidogo tu. Nati iliyolika ya skrubu inayosogeza kisu ni ya kubadilisha, na hela ikiruhusu weka skrubu za gololi (ball screw).

Kompyuta ya mezani ya zamani inatosha. Laptop usihangaike nayo.

Kama utakata nyuzi, lazima enkoda (kifaa cha kusoma mzunguko) kwenye spindo, mhimili unaozungusha kazi, la sivyo G76, amri ya kukata nyuzi, haitajua kisu kianzie wapi kila inaporudia. Halafu X, yaani umbali wa kisu kutoka katikati ya kazi, husomwa kama nusu kipenyo mpaka uandike G7, amri ya kusoma kipenyo kizima. Mimi nilisahau, nikaandika X20 kwenye nondo ya milimita 30, mashine ikaelewa kipenyo cha 40, kisu kikapita hewani na kijana wangu akacheka mpaka jioni.

Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota wenyewe, kisiishie kuiarifu kompyuta. Na sanduku la umeme lizibe vizuri, vumbi la Dodoma unalijua.