Maswali na majibu: Kupanga arei ya PHP kwa bei, mkoa au tarehe

Natumia PHP, lugha ya programu, na nina arei (orodha ya data) ya bidhaa, kila moja ina jina na bei. Nikitumia sort() inapanga kwa jina. Nataka bei.

sort() haijui unataka nini. Arei za ndani zikiwa na funguo (majina ya sehemu zake, kama 'bei') zilezile, inaanza kulinganisha ufunguo wa kwanza, na kwako huo ni jina. Tumia usort(), uiambie mwenyewe ilinganishe nini:

`usort($bidhaa, fn($a, $b) => $a['bei'] <=> $b['bei']);`

Ghali zikitakiwa juu, badilishana $a na $b upande wa kulia wa mshale. Alama `<=>` hulinganisha thamani mbili, ipo tangu PHP 7.0, `fn` tangu 7.4. Na usiandike `$bidhaa = usort(...)`: inapanga arei hiyohiyo na kurudisha true, kwa hiyo orodha yako yote itafutika ibaki true.

Mimi narudisha $a['bei'] - $b['bei'] na siku zote ilifanya kazi. Tumeanza kuuza kwa dola, mpangilio umevurugika.

Shilingi hazikuwa na senti, ndiyo maana hukuona tatizo. usort() hugeuza jibu lako kuwa namba kamili: 19.50 kutoa 19.00 ni 0.5, inakatwa inakuwa 0, na PHP inaelewa bei ni sawa. Mbaya zaidi, hakuna onyo lolote linalotokea. Achana na kutoa, tumia `<=>`. Wale wanaorudisha `$a['bei'] > $b['bei']` angalau PHP 8 inawapigia kelele.

Funguo zangu zilikuwa namba za risiti. Baada ya usort() nimekuta 0, 1, 2.

Tumia uasort(), inabakiza funguo zako. Maelekezo ya ndani ni yaleyale.

Nataka mkoa kwanza, halafu ndani ya kila mkoa bei kubwa itangulie.

Linganisha arei mbili ndogo:

`[$a['mkoa'], $b['bei']] <=> [$b['mkoa'], $a['bei']]`

Mikoa ikifanana, bei ndiyo inaamua, imegeuzwa makusudi. Angalia herufi lakini: "Tanga" itatangulia "arusha", kwa sababu herufi kubwa zote huja kabla ya ndogo. Pitisha mkoa kwenye strtolower() kwanza.

Tarehe zangu ni kama 05/12/2023. Zinapangwa kwa siku, si kwa mwaka.

Hayo kwa PHP ni maandishi tu, yanasomwa kuanzia kushoto. Hifadhi 2023-12-05, uonyeshe kwa mtindo wako wakati wa kuchapisha ukurasa.